Wanatuuliza jiwe limetoka wapi. Nani atauliza linakwenda wapi?

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri, kwa Mheshimiwa Waziri wa Madini, kwa Waheshimiwa wabunge na maseneta, na kwa Mheshimiwa Gavana wa Haut-Katanga

Waheshimiwa,

Mimi ni wakala wa forodha. Hapa Lubumbashi tunasema mtu wa duane. Kwa miaka kumi na tisa nimejaza karatasi za malori yanayotoka Kolwezi, Likasi na hapa mjini kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, kisha Zambia, kisha bandarini Durban au Dar es Salaam. Si kazi ya kumpa mtu sifa. Najua uzito wa mzigo, idadi ya mifuko, namba ya lakiri, asilimia ya kobalti iliyomo, jina la mnunuzi. Nikikosea tarakimu moja, lori linalala njiani siku tatu, na mwenye mzigo ananipigia simu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watu wa heshima yenu.

Ninawaandikia juu ya vita vya dunia. Najua inavyosikika: mtu wa mihuri anataka kuzungumza habari za mabomu. Nivumilieni kidogo.

Jioni moja foleni ya malori ilikuwa imerudi nyuma hadi jicho halioni mwisho wake. Dereva mmoja Mtanzania alikuwa amekaa kivulini chini ya trela lake, redio ya simu imewashwa, watangazaji wanataja Ukraine, wanataja Iran, wanataja Taiwan. Akaniuliza: "Bosi, hivi vita ya tatu ikija, nyinyi Wakongo mtakuwa upande gani?" Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akamjibu: "Upande wa foleni." Tukacheka mpaka machozi. Halafu nikaitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwangu, kicheko kikaniishia.

Karatasi ile ilikuwa na visanduku vya kila kitu. Mzigo umechimbwa wapi, na nani, kwa kibali gani. Umepimwa wapi, una unyevu kiasi gani, una mionzi kiasi gani, umelipiwa kodi gani. Nchi iendako. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja kinachouliza: ukifika huko, utafanya kazi gani?

Hilo ndilo ombi langu, nimeliweka mapema ili anayesoma kwa haraka asihangaike. Naomba kisanduku kimoja.

Na msinijibu kwa ile methali ya tembo wawili na nyasi. Wakubwa wetu wanaipenda kwa sababu inawaondolea lawama, maana nyasi ina la kufanya gani? Lakini sijapata kuona nyasi inayowauzia tembo pembe. Katanga inauza, na ilianza zamani.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, mji huu ulikuwa na umri wa miaka minne tu. Tanuru la kuyeyushia shaba lilikuwa limewashwa 1911. Ganda la risasi, kwa asiyejua, lina sehemu saba za shaba na tatu za zinki. Shaba ilikuwa chini ya miguu yetu, na zinki iko Kipushi, umbali wa kilomita kama thelathini kutoka hapa. Shaba ya Katanga ikaenda kwenye viwanda vya silaha vya Ulaya. Watu nao wakaenda. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji, waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao walikuwapo wapagazi zaidi ya 200,000 waliobeba vyakula na risasi vichwani, ambao maelfu yao hawakurudi kwao. Hata mwisho wa vita hivyo ulitukaribia: Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alisalimu amri Mbala, Zambia ya leo, ng'ambo ya mpaka wetu, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza.

Vya pili tulivijua zaidi. Nitakaa hapo kidogo.

Kila mtoto wa Likasi amesikia jina la mgodi wa Shinkolobwe, hata kama hajaruhusiwa kupakaribia. Uranium yake ilikuwa tajiri kuliko yoyote iliyojulikana duniani wakati ule. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani kumwonya kwamba bomu la aina mpya linawezekana, na ndani ya barua hiyo Kongo ya Wabelgiji imetajwa kuwa chimbuko muhimu kuliko yote la uranium. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyomiliki migodi ya Katanga, alikuwa ameshaonywa mwaka huohuo na wataalamu wa Uingereza kwamba mawe yale yanaweza kuwa balaa yakiangukia mikono mibaya. Mwaka 1940 akapeleka zaidi ya tani 1,000 New York, kupitia bandari ya Lobito, Angola, zikakaa kwenye ghala la Staten Island. Septemba 1942 jeshi la Marekani likamfuata ofisini kwake kuzinunua. Sehemu kubwa ya uranium iliyoangukia Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika ardhi yetu. Mwaka uliofuata Sengier akapewa nishani huko Marekani.

Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda. Palikuwa na shimo, gunia, reli, bandari, meli, ghala, hati ya mauzo. Hakuna hatua hata moja katika hizo ambayo mimi siijui. Ndizo hatua ninazozijazia karatasi kila siku. Bomu lile lilipita duane kama mzigo mwingine wowote. Mtu aliyejaza karatasi ya Shinkolobwe hakuwa muuaji. Alikuwa kama mimi, ana watoto, anasubiri mshahara, na hakuna kisanduku kilichomuuliza.

Waliouliza kitu kingine waliona cha moto. Desemba 1941 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, na wafanyakazi weusi wa migodi wakagoma wakidai nyongeza. Tarehe 9 Desemba, siku mbili baada ya Wajapani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa mjini, wakapigwa risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyewasemea, alikufa siku hiyo. Serikali ya Wabelgiji ilihesabu makumi ya maiti; wazee wetu walihesabu zaidi. Babu yangu, mtu wa Njanja, yaani wa reli, alikuwa akisema kuwa wiki ile matanga yalifuatana nyumba kwa nyumba, lakini treni za shaba hazikuchelewa hata saa moja. Yeye alikuwa haoni ajabu ya kwanza. Ajabu kwake ilikuwa ya pili.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la dereva. Vita vingine vya dunia, chini ya ubepari huu wa leo, vitakuja?

Wapo wanaosema haviwezekani kwa sababu matajiri wa dunia wamefungamana mno. Mchina anamuuzia Mmarekani, Mmarekani anamkopesha Mjerumani, simu moja imepita katika nchi kumi kabla ya kufika sokoni pale Kenya, komini yangu. Nani atapiga bomu duka la mteja wake? Hoja ina nguvu, siidharau. Ila ni ya zamani. Kabla ya 1914 Mwingereza Norman Angell aliandika kwamba mataifa ya viwanda yamefungamana kiasi kwamba hata mshindi wa vita atapata hasara. Alisema kweli, waliposhinda, walipata hasara. Uingereza na Ujerumani zilikuwa wateja wakubwa mmoja wa mwingine mpaka wiki ile vita vilipoanza. Angell akapewa tuzo ya Nobel ya amani ya mwaka 1933, na miaka sita baadaye vikaanza vingine.

Katikati ya vita vile vya kwanza palikuwa na mabishano mengine, ya wasoshalisti wenyewe kwa wenyewe. Karl Kautsky alisema mabepari wa mataifa makubwa wanaweza siku moja kukubaliana kugawana dunia kwa amani, kama makampuni yanavyopanga bei pamoja. Lenin akamjibu kwamba mapatano kama hayo ni pumziko tu kati ya vita na vita, kwa sababu nguvu za waliogawana hazikui kwa kasi moja: aliyekuwa mdogo siku ya mgao akinenepa, atadai mgao mpya. Mimi si mkomunisti. Nimeona pia kwamba mwaka 1979 China na Vietnam, zote mbili chini ya bendera nyekundu, zilipigana, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ubepari peke yake ndio unaojua kushika bunduki. Lakini katika ubishi ule, nikiangalia karatasi zangu, naona Lenin alikuwa akisoma vizuri zaidi daftari la mizigo.

Ngoja niseme kwa mfano wa mtaani. Nyumba mbili zinachota maji kwenye kisima kimoja. Hakuna anayemchukia mwenzake. Wanasalimiana, watoto wanacheza pamoja. Siku moja mmoja anawaza: na huyu akinifungia? Analaza kijana wake kando ya kisima, usiku tu. Mwenzake anaona, anawaza hivyohivyo, naye analaza wake. Wa kwanza anampa kijana panga. Wa pili anaweka kufuli. Ukimuuliza yeyote kati yao atakuambia anajilinda, na hasemi uongo. Na muuza mapanga, ambaye hana ugomvi na mtu, anafungua duka la pili.

Ndivyo ninavyoona mambo. Sidhani kuwa kuna bepari aliyekaa mahali anatamani Hiroshima nyingine. Kila mmoja anaogopa kukatiwa, na kila anachofanya ili asikatiwe kinamtisha mwenzake. Shirika la SIPRI la Stockholm, linalochunguza habari za silaha, limehesabu kuwa mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Juni 2025 nchi za NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na Ulaya, zikikutana The Hague, zilikubaliana kufikisha matumizi ya ulinzi asilimia 5 ya pato lao ifikapo 2035. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, China nayo ikaweka masharti ya leseni kwa madini adimu. Wakapatana, wakapumzika. Pumziko ndilo tulilo nalo sasa.

Kama mnaona haya ni mambo ya mbali, tokeni nje mtazame kile kilima cheusi.

Kila anayefika Lubumbashi anakiona kabla ya kuona mji: mlima wa mabaki ya tanuru, na bomba refu la moshi kando yake. Wazee wanaita pale Mumbunda. Tumekua tukikitazama kama uchafu wa jana, na kimechapishwa hata kwenye kadi za posta. Kumbe ndani yake mna germanium. Germanium ndiyo inayotengeneza lenzi za kuonea usiku, zile za bunduki, za ndege zisizo na rubani, za vifaru; ipo pia kwenye nyaya za intaneti na kwenye setelaiti. Oktoba 2024 shehena ya kwanza ya makinikia ya germanium kutoka kilima hicho ilipelekwa Ubelgiji. Desemba mwaka huohuo China ilipiga marufuku kuiuzia Marekani germanium. Katazo hilo limesimamishwa kwa muda tangu Novemba 2025. Muda una mwisho. Yaani taka za babu yangu zimekuwa kitu ambacho madola makubwa mawili yanakatiana, na sisi tunaolala chini ya kivuli chake tunajua bei ya unga tu.

Kobalti ndiyo hivyohivyo. Vijana wanaambiwa ni madini ya betri, ya magari safi, ya kuokoa hali ya hewa. Sawa. Lakini kobalti imo pia kwenye aloi za injini za ndege za kivita, zinazovumilia moto mkali, na kwenye sumaku za makombora. Waliofuatilia vita vya Kolwezi vya 1978 wanakumbuka: askari wa Ufaransa walishuka kwa miavuli, na bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa, kwa sababu wanunuzi waliingiwa na hofu. Agosti 2025 Marekani ilitangaza kutaka kununua kobalti ya akiba ya ulinzi kwa hadi dola milioni 500, kisha ikaiondoa zabuni hiyo. Hakuna gari la umeme linalohitaji akiba ya ulinzi.

Kisha kuna reli. Upande wa magharibi Marekani imeweka mkopo wa dola milioni 553 kwenye njia ya Lobito, ileile iliyobeba uranium ya Sengier. Upande wa mashariki China inafufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ile iliyoijenga yenyewe miaka ya 1970. Njia mbili zinaanzia mlangoni kwetu, kila moja na mwenyewe. Mfanyabiashara ndani yangu anafurahi, njia mbili ni nafuu kuliko moja. Mjukuu wa mtu wa Njanja ndani yangu hafurahi sana.

Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wakisikia tunauliza kama vita vya dunia vitakuja, wanatutazama kama watu wanaouliza kama mvua itanyesha na huku wao wamelowa. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Rubaya, ambako hutoka karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia, ilikuwa mikononi mwao tangu 2024. Tarehe 4 Desemba 2025 mkaenda Washington, mkatia saini amani na Rwanda, na siku hiyohiyo, katika mji uleule, mkatia saini ushirikiano wa kimkakati na Marekani unaozipa kampuni zake nafasi ya mbele kwenye baadhi ya madini yetu. Kabla wiki haijaisha M23 ilikuwa Uvira. Sisemi mlikosea kwenda. Mtu ambaye nyumba inaungua hachagui ndoo. Nasema tu kwamba amani na madini vilipofungwa kwenye kitambaa kimoja, nilijiuliza ni kipi kilichofungiwa kingine.

Na kabla ya hapo kulikuwa na mkataba wa Wachina wa 2008, wa madini kwa ujenzi wa barabara na majengo, uliorekebishwa 2024. Sina haja ya kuwasifu hawa au kuwalaumu wale. Hofu yangu ni moja: kwamba siku ile mataifa haya yakishikana mashati, tutagundua tumekwisha kuwa upande fulani, si kwa uamuzi wa Bunge, bali kwa kifungu cha mkataba wa kuuza mawe. Katiba yetu, kifungu cha 86 na cha 143, inasema Rais hatangazi vita bila idhini ya Bunge na Seneti. Kifungu cha 214 kinasema mikataba ya amani na ya biashara haiidhinishwi ila kwa sheria. Waliotunga vifungu hivyo walijua nchi yao. Lakini vita vya 1914 na vya 1940 havikututangazia kitu, vilitupakia.

Mtasema Kongo haina nguvu ya kuwauliza wakubwa. Hilo nalikataa, tena kwa ushahidi mliouleta nyinyi wenyewe. Tarehe 22 Februari 2025 mlifunga kuuza kobalti nje. Watu wa duane tulikaa bila mizigo hiyo miezi karibu minane. Mimi binafsi niliuza pikipiki. Wataalamu wa ng'ambo walisema hamtaweza. Kuanzia tarehe 16 Oktoba mkafungua kwa vipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka, kisha 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, na mlipofunga bomba, dunia nzima ilisikia kiu. Mlifanya hivyo kwa ajili ya bei. Sikulalamika, ingawa pikipiki bado naikumbuka.

Kama bomba linaweza kufungwa kwa ajili ya bei, linaweza kuulizia na mengine.

Maana wenzetu wote wanauliza. Tangu 2010 sheria ya Marekani inazitaka kampuni zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani. Mifuko ya Kivu inafungwa vitambulisho, wachimbaji wanaandikwa, wakaguzi wanatoka Ulaya na vipima joto vyao vya maadili. Vizuri. Na wakiuza wao? Marekani, tangu Oktoba 2022, haiuzi chipu zake za juu kwa China bila kuuliza zitatumika wapi. China haitoi leseni ya madini adimu bila kujua mtumiaji wa mwisho. Nchi inayouza bunduki inadai hati ya mtumiaji wa mwisho. Kila mwenye kitu kizito anauliza kinakwenda kufanya nini. Sisi peke yetu, wenye kobalti, wenye germanium, tunaulizwa tu.

Na haki ya kuuliza tunayo, haihitaji kuombwa Geneva. Kifungu cha 9 cha Katiba kinasema ardhi na vilivyomo chini yake viko chini ya mamlaka ya kudumu ya Taifa. Amri ya Novemba 2018 imeshatangaza kobalti, koltani na germanium kuwa madini ya kimkakati. Na mwaka 2022, jambo ambalo Wakongo wachache sana wanalijua, nchi yetu iliridhia mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, unaokataza pia kumsaidia mtu yeyote kuzitengeneza. Nchi ya Shinkolobwe iliweka saini hiyo. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama, nikampigia simu kaka yangu Likasi. Kisha nikajiuliza: kwenye mpaka, ni nani anayelinda saini hiyo? Mimi? Kwa kisanduku kipi?

Nimezijaribu hoja zangu kwa wenzangu wa ofisini kabla ya kuwaandikia, na hawakunionea huruma. Mmoja alisema: wataandika uongo. Wataandika, ndiyo. Hata uzito wanaandika uongo, ndiyo maana tuna mizani. Uongo ulioandikwa na kutiwa saini ni kitu cha kumshitakia mtu. Kimya si kitu. Mwingine alisema kwamba kobalti ikifika kiwandani China inachanganywa na nyingine, na hakuna atakayejua ipi iliingia kwenye simu na ipi kwenye kombora. Hilo ni kweli, sina jibu lake kamili. Ila wakituambia sisi kwamba mawe ya Rubaya yakichanganywa Kigali hayajulikani, hawakubali jibu hilo, wanadai daftari. Wa tatu, mama mmoja mwenye akili kuliko sisi sote, alisema tukiwasumbua watakimbilia Indonesia. Wengine watakwenda, na wameshaanza. Lakini wakati wa vipimo walibaki, wakalipa bei, wakapanga foleni.

Mteja mmoja, simtaji, nilimuuliza kwa mdomo mzigo wake unakwenda kutengeneza nini. Alicheka akasema: "Pesa." Sikumchukia. Ndilo jibu sahihi la mfumo tunaoishi, na ndiyo sababu swali lisiachwe kwa wateja.

Basi naomba hivi. Waziri wa Madini, pamoja na wa Fedha, waweke kwenye hati ya kuuza nje kobalti na germanium tamko la mtumiaji wa mwisho, lenye saini ya mnunuzi. Bunge lidai kuisoma kila karatasi ya ushirikiano wa madini, na viambatisho vyake, maana amri ya Mei 2011 inataka mikataba ya maliasili ichapishwe ndani ya siku 60, na viambatisho ndipo ukweli hulala. Ndani ya kila mkataba kiwekwe kifungu kwamba vita kati ya wanunuzi wetu haviifungi Kongo kumuuzia mmoja na kumnyima mwingine ila kwa sheria ya Bunge. Na Mheshimiwa Gavana, lile jina la Léonard Mpoyi halionekani mahali ambapo mtoto wa shule angeweza kulisoma. Hilo halihitaji Washington wala Beijing.

Nimeambatanisha nakala ya hati ninayoijaza kila siku, nimefuta jina la mteja. Upande wa kulia, chini ya uzito halisi, kuna nafasi nyeupe yenye upana wa vidole viwili. Nimeipima kwa rula. Maneno manne yanaingia.

Wenu kwa heshima,

Wakala wa forodha, komini ya Kenya, Lubumbashi